Uzi: Kwa nini basi la 100 si basi la 80 lenye haraka kidogo (tochi, breki, kani na mizani)

#1 GiaNzito (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila zikitoka habari za ajali ya basi, ubishi humu ni ule ule. Mmoja analaumu mwendokasi, mwingine barabara, na hakosekani wa kusema "jamaa alikuwa 100 tu, tofauti na 80 iko wapi?" Mimi nafundisha fizikia sekondari na kauli hiyo ya mwisho hainipiti hivi hivi. Naleta hesabu yake hapa, kwa lugha ya darasani lakini kwa barabara zetu. Mwenye kikokotoo akishike anihakiki.

Kwanza vipimo. Dashibodi inasoma kilomita kwa saa, ila hesabu za breki zinataka mita kwa sekunde. Gawa kwa 3.6. Basi lililo km 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mabasi nje ya makazi kwa sheria ya Tanzania, linakula mita 22.2 kila sekunde. La 100 linakula mita 27.8. Mpaka hapo tofauti inaonekana ndogo kweli, na ndipo wengi wanapoishia.

Sasa ng'ombe kaingia barabarani. Dereva amuone, akili ing'amue, mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki: tuseme sekunde 1.5. Muda huo wote basi halijapunguza chochote. La 80 limeshakwenda mita 33, la 100 mita 42.

Kisha breki. Kupungua kwa spidi nako ni mchapuko, ila wa kurudi nyuma, na kipimo chake ni mita kwa sekunde kwa sekunde. Msiogope hiyo "kwa sekunde" mara mbili. Mchapuko wa 5 maana yake kila sekunde moja ikipita, mwendo umepungua kwa mita 5 kwa sekunde, yaani km 18 kwa saa. Nimechagua 5 kwa lami kavu, matairi mazima na breki zinazoshika. Umbali wa breki ni mwendo kipeo cha pili, gawa kwa mara mbili ya mchapuko. La 80 linahitaji mita 49. La 100 linahitaji mita 77.

Jumlisha na zile za kushtuka: 80 linasimama ndani ya mita 83 hivi, 100 ndani ya mita 119. Na la 120, kwa wale wa usiku, mita 161.

Lakini hesabu ninayotaka muikariri ni hii. Yule ng'ombe yuko mita 83 mbele. Basi la 80 linamsimamia puani. Basi la 100, dereva yule yule, breki zile zile, likifika hapo alipo ng'ombe bado lina km 68 kwa saa. Si kwamba linamgusa kidogo. Linamfikia na spidi ambayo ungeipigia kelele katikati ya mji.

Chanzo ni kile kipeo cha pili. Nishati mwendo ni nusu ya tungamo (zile kilo za basi) mara mwendokasi mara mwendokasi tena. Basi la tani 16 kwenye 80 limebeba kama jouli milioni 4. Kwenye 100 ni zaidi ya milioni 6. Spidi imeongezeka robo, nishati imeongezeka zaidi ya nusu, na breki ndizo zitakazoibeba yote.

Karibuni.

#2 KitiChaNyuma

Uzi umetulia. Nimevuta kiti, nasubiri madereva waje.

#3 SukaMkongwe

Mkuu heshima yako, ila darasani ni darasani. Nimeshika usukani njia ya kusini miaka mingi. Basi za siku hizi zina ABS, zina breki za upepo za uhakika, si zile za zamani. Halafu abiria ndio wanaotusukuma. Ukienda 80 wanaanza "dereva tunalala njiani?" Na hizo mita 5 umezitoa wapi?

#4 GiaNzito

Mkuu SukaMkongwe, swali zuri. Kinachosimamisha basi ni msuguano kati ya tairi na lami. Breki kazi yake ni kuzuia gurudumu tu. Hata ukiwa na breki za ndege, lami haitoi kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) zaidi ya ile iliyonayo. Kwa lami kavu na tairi zima, msuguano unaweza kufika kama saba ya kumi ya uzito wa gari, au zaidi kidogo, kwa hiyo kinadharia ungepata mchapuko wa 7. Gari kubwa lenye mzigo haliwezi kutumia yote hiyo, ndiyo maana nikashuka mpaka 5. Ukiona nimekuonea, weka 6 urudie mwenyewe. Umbali utapungua kwa mabasi yote mawili, ila la 100 bado litamfikia ng'ombe likiwa na spidi kubwa.

ABS yenyewe haiongezi msuguano. Inazuia gurudumu lisijifunge na kuteleza, ili usukani uendelee kukutii wakati umekanyaga. Hilo si jambo dogo, ila usiidai kitu ambacho hakikuahidiwa.

Mvua ikinyesha, mchapuko ukashuka mpaka 3, basi lako la 80 linahitaji mita 116 kusimama. Yaani 80 ya mvua inakaribia 100 ya jua.

Kuhusu abiria: Dar hadi Morogoro ni kama km 190. Tuseme km 60 katikati zina vijiji na miji ya 50, hizo hazibadiliki. Zimebaki 130. Kwa 80 unazimaliza kwa dakika 98, kwa 100 dakika 78. Umeokoa dakika 20, na hapo tumejifanya hakuna lori hata moja mbele yako kutoka Chalinze.

#5 MamaChapati

Jamani mimi si mtu wa fizikia ila naomba nieleweshwe. Dereva akikanyaga breki tunarushwa mbele, akiondoka tunarudi nyuma, kona ya kulia tunaangukia kushoto. Ni nani anayetusukuma?

#6 GiaNzito

Hakuna anayekusukuma mama, na hapo ndipo penyewe. Newton aliliweka hili mwaka 1687: kitu kinachokwenda kitaendelea kwenda hivyo hivyo, mstari ulionyooka, mpaka kani ikiguse. Basi likifunga breki, kani ya msuguano imelishika basi. Wewe haijakushika. Mwili wako unaendelea na ile 80 yako mpaka kitu kikuzuie, na kitu chenyewe kinaweza kuwa kiti cha mbele, au kioo, au mkanda. Tabia hiyo ndiyo inersia, na kadiri tungamo lilivyo kubwa ndivyo inersia ilivyo kubwa.

Kani unayoipata ni tungamo lako mara mchapuko. Mtu wa kilo 70 anayesimama kutoka 80 mpaka sifuri kwa breki za kawaida anahitaji kani ya nyutoni 350, mikono inaweza kuibeba ukijiandaa. Mtu huyo huyo basi likigonga na mwili wake ukasimama ndani ya nusu mita, mchapuko unakaribia 500 na kani inafika kama nyutoni elfu 35. Hiyo ni sawa na kubeba zaidi ya tani tatu na nusu. Hakuna mikono ya hivyo. Anayempakata mtoto akasema "nitamshika" ajue anashindana na namba hizo.

Kona nayo vile vile: basi linageuka kulia, wewe unaendelea kunyooka, ukuta wa kushoto unakufuata.

#7 NyokaWaSalgaa

Salamu kutoka Kenya. Sisi 80 ya magari ya abiria tulianza kuifungiwa kwa chuma, zile kanuni za waziri wa uchukuzi Michuki za 2004, kila matatu spidi gavana (kifaa cha kuzuia gari lisipite spidi hiyo) na mikanda. Watu walizifungua baadaye lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Nataka kuongeza kitu kuhusu malori. Hapa Salgaa, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, shida haikuwa dereva kukanyaga mafuta. Ilikuwa kuweka nyutro kwenye mteremko ili aokoe mafuta. Lori linakimbia lenyewe. Mwalimu tupigie hiyo.

#8 FundiSpana

Ngoja hiyo niijibu mimi, maana ngoma zake za breki ndizo zinazoletwa gereji.

Lori la tani 50 likishuka kimo cha mita 100, nasema kimo cha wima, si urefu wa barabara, linapoteza nishati ya jouli kama milioni 49. Lazima iende mahali. Kuna njia mbili: iwe spidi au iwe joto. Ukitaka spidi ibaki pale pale, yote inageuka joto. Jouli milioni 49 zinatosha kuchemsha lita 150 za maji kutoka ubaridi wa bomba. Na hizo ni mita 100 tu. Sasa hesabu mteremko wa Kitonga pale ulivyo, au wa Sekenke.

Ukiwa gia nzito, injini yenyewe inazuia, sehemu kubwa ya joto inatokea kwenye eksozi na rejeta. Ukiweka nyutro, injini haipo tena kwenye shughuli, joto lote linaingia kwenye ngoma na lainingi (kile kinachosugua ngoma ukikanyaga). Lainingi ikipata moto kupita kiasi inapoteza mshiko. Unakanyaga, pedali ni ngumu ipasavyo, upepo upo kwenye geji, lakini gari haliitiki. Ngoma nayo ikipata moto inatanuka, lainingi inazidi kuwa mbali. Dereva anasema "breki zilifeli". Nikifungua nakuta lainingi zimegeuka kioo, zinang'aa, na ngoma ina rangi ya bluu na nyufa ndogo ndogo kama za udongo wa jaruba. Mfumo wa upepo mzima kabisa. Hazikufeli, zilipikwa.

Mlima unashuka kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Huo ndio usemi wa wazee na fizikia yake ndiyo hiyo.

#9 SukaMkongwe

Hapo Fundi umesema kweli tupu. Harufu ya lainingi Kitonga unaisikia ukiwa na madirisha yamefungwa.

Ila nina swali la ubishi wa kijiweni. Lori likiwa tupu na likiwa limejaa, lipi linasimama mapema? Mimi najua tupu. Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia ni sawa.

#10 GiaNzito

Wote mna haki, kila mtu na sehemu yake.

Kwenye karatasi: lori lililojaa lina tungamo kubwa, inersia kubwa, linahitaji kani kubwa kulisimamisha. Lakini uzito wake nao umelikandamiza zaidi kwenye lami, kwa hiyo msuguano umeongezeka kwa kiasi kile kile. Tungamo linajikata pande zote mbili, umbali unatoka sawa. Mwalimu wako alikuwa anaongea hii.

Barabarani: hiyo ni kweli mradi breki zina uwezo wa kutumia msuguano wote uliopo. Kwa gari dogo ni hivyo. Kwa lori lililozidisha mzigo, breki zinafika mwisho wa nguvu zake kabla tairi halijafika mwisho wa mshiko, na joto la Fundi linaingia hapo. Umbali unaongezeka.

#11 MizaniKazini

Kwa kuwa mmetaja kuzidisha mzigo, nami niingie. Nafanya kazi kwenye mizani ya barabarani, na kila siku nagombana na madereva: "mizani ya kule ilisema nipo sawa, yako inasema nimezidi." Ukomo wa uzito wa jumla kwa nchi za Afrika Mashariki ni tani 56, na wengi wanakuja wamejaza mpaka 56 kamili, hawajaacha nafasi ya kosa la kipimo. Hakuna kipimo kisicho na kosa. Hata mizani mbili nzima, zilizohakikiwa na Wakala wa Vipimo wiki moja, zinaweza kutofautiana kidogo na zote zikawa ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Lori limetoka kupakia likiwa na matope ya mvua kwenye chasisi, tenki limejazwa mafuta Chalinze, tandiboi kaongeza mkaa. Yote hayo ni kilo.

Swali kwa mwalimu: sisi tunasoma kilo, ila nimesikia kilo si uzito?

#12 GiaNzito

Kilo ni kipimo cha tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo kwenye kitu. Uzito ni kani ambayo dunia inakivuta nayo, kipimo chake ni nyutoni. Lori la kilo 56,000 lina uzito wa kama nyutoni 548,000 hapa kwetu. Lipeleke mwezini: tungamo ni lile lile, uzito unashuka mpaka kama moja ya sita.

Mizani yako chini ya bati ina vihisi vinavyobonyezwa. Vinachopima ni kani. Kisha kikompyuta kinagawa na kukuandikia kilo. Kinagawa kwa nini? Kwa mchapuko wa mvutano wa dunia, ambao vitabu vinaandika 9.8. Ila haulingani kila mahali. Karibu na ikweta, kama hapa kwetu, ni 9.78. Paris ni 9.81. Dunia imevimba kidogo kwenye ikweta na pia inazunguka, ndiyo sababu. Tofauti ni kama tatu kwa elfu moja. Kwenye kilo ya nyama hutaiona. Kwenye tani 56 ni kilo 170. Mizani iliyopangwa Ulaya ikaletwa bila kupangwa upya hapa, ingempunguzia dereva kilo 170 za bure. Ndiyo maana watu wa vipimo wanakuja na mawe yao ya tungamo linalojulikana na kuyaweka juu ya mizani pale pale ilipo.

Na hiyo kilo yenyewe, tangu 1889 ilikuwa kipande cha platini na iridi kilichofungiwa Sèvres, karibu na Paris. Shida ni kwamba nakala zake zilipolinganishwa nacho baada ya miaka mingi zilikuwa zimetofautiana nacho kwa kiasi kidogo mno, na hakuna aliyeweza kusema ni nani aliyebadilika. Tarehe 20 Mei 2019 kikastaafishwa. Sasa kilo inatokana na namba ya Planck (namba ya kifizikia iliyo sawa kila mahali), iliyowekwa moja kwa moja isibadilike, kama vile mita inavyotokana na mwendo wa mwanga.

#13 Boda_Mwanafalsafa

Naona mnakwepa mada yenyewe. TOCHI ya kupimia spidi. Afande anajificha kwenye kichaka, ananipiga kwa pembeni, ananiambia 97. Kwa pembeni inasoma sahihi kweli?

#14 GiaNzito

Kwa pembeni inasoma pungufu, si zaidi. Tochi ya rada inatuma mawimbi, yakigonga gari linalokuja yanarudi yakiwa yamebanana, na kiasi cha kubanana ndicho spidi. Lakini inaona ile sehemu tu ya mwendo inayoelekea kwake. Ukiwa pembe ya digrii 20 na spidi yako ni 100, yeye anasoma 94. Kwa hiyo kama amekupiga kwa pembeni akapata 97, shukuru asimame hapo hapo.

Ya leza inafanya kazi tofauti kidogo: inarusha vimulimuli vya mwanga mfululizo na kupima muda wa kwenda na kurudi. Gari likiwa mita 300, mwanga unarudi baada ya sekunde mbili gawa kwa milioni moja. Kila kimulimuli umbali umepungua, umbali gawa kwa muda, spidi imepatikana. Kosa linaloweza kutokea hapo ni kulenga gari lisilo lako, hilo jitetee nalo.

Mambo ya pembe yananikumbusha kitu. Mwendokasi hausemi unaelekea wapi. Ukiongeza uelekeo inakuwa velositi, na barabarani uelekeo ndio unaoua. Suka anataka kuovateki semitela. Semi ina 60, yeye ana 80. Kwa semi, yeye anasogea kwa 20 tu, yaani mita 5.6 kwa sekunde. Urefu wa semi, urefu wa basi, nafasi ya kutoka na ya kurudi, weka mita 70. Atahitaji sekunde 12 na ushee. Muda huo basi limekwenda mita 280. Na anayekuja mbele kwa 80 naye amekwenda mita 280. Inatakiwa barabara tupu mita 560, na hao wawili wanasogeleana kwa 160. Tafuteni mita 560 za kuona mbele kwenye kona za Mikumi kwenda Iringa.

#15 SukaMkongwe

Hiyo ya 560 naiprinti nibandike ofisini kwa vijana.

#16 KitiChaNyuma

Mbona treni ya SGR inakwenda 160 na hamsemi kitu?

#17 GiaNzito

Kwa sababu haimtegemei dereva kuona ng'ombe. Chuma juu ya chuma msuguano ni mdogo, ukichukua mchapuko wa 1, treni ya 160 inahitaji karibu kilomita nzima kusimama. Macho hayafiki huko. Njia imewekewa uzio na mawasiliano ya ishara yanamwambia dereva kilichopo mbele kabla hajakiona. Nani ataizungushia uzio barabara ya Morogoro?

#18 Boda_Mwanafalsafa

Sawa nimekubali kuhusu tochi. Lakini dashibodi yangu ya Noah ilisoma 80 siku ile. Dashibodi hadi afande, tofauti ya 17?

#19 FundiSpana

Mkuu kwa kawaida dashibodi inasoma juu, si chini. Kanuni za kimataifa haziruhusu spidomita ionyeshe pungufu ya spidi halisi, kwa hiyo watengenezaji wanaizidisha kidogo makusudi. Ukiona 80, mara nyingi uko 75 au 77.

Isipokuwa umebadilisha matairi. Spidomita haioni barabara, inahesabu mizunguko. Ukivalisha tairi lenye kipenyo kikubwa kwa asilimia 10, kila mzunguko unakupeleka mbali zaidi kwa asilimia 10 na dashibodi haijui. Inaandika 80, wewe uko 88. Noah nyingi zilizonyanyuliwa nazipokea na ugonjwa huo. Lakini kufika 97 kwa matairi peke yake, yatakuwa ya trekta.

Andika hapa namba zilizo ubavuni mwa tairi la sasa, na zile za kwenye stika ya mlango wa dereva. Nitakupigia hesabu.

#20 Boda_Mwanafalsafa

Stika ya mlangoni inasema 195/65 R15. Za ubavuni nasoma 205/70 R15.

#21 FundiSpana

Kipenyo cha kwanza milimita 634 na ushee, cha sasa 668. Umezidi asilimia 5. Dashibodi ikisema 80 kwa uaminifu kabisa, wewe uko 84. Hizo 13 zilizobaki ni za mguu wako.